Kikombe cha Kila Mtu
Mazungumzo yaliyotolewa mjini Kigali kwa niaba ya Kamati ya Jamii, mbele ya wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati ilipotakiwa kusema neno katika siku hii ya tarehe 20 Juni, wengi walitazamia tuzungumze juu ya nyumba, kuni au karo za shule. Hayo yamesemwa na yataendelea kusemwa. Leo tumechagua jambo dogo linaloonekana kila asubuhi katika kila mlango, nalo ni kikombe. Tutaeleza kwa nini katika nyumba zetu chai ina kikombe chake, uji una chake na maziwa yana chake. Kisha tutasema ni lini kikombe humheshimu mtu, na ni lini humtenga.

KILA KINYWAJI NA CHOMBO CHAKE

Tuanze na chai. Chai isiyo na maziwa Watanzania huiita chai ya rangi, na wenyeji wetu hapa Rwanda huiita mukaru. Wengi wetu hupenda kuinywa katika bilauri ya kioo au kikombe cheupe, kwa sababu mnywaji anataka kuona rangi yake kabla ya kuionja. Mama anayemimina chai ya moto katika bilauri hutanguliza kijiko ndani, kijiko kikapokea sehemu ya joto, bilauri isipasuke.

Chai ya maziwa yenye tangawizi ni habari nyingine. Mkipita Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili kimesikika tangu enzi za wafanyabiashara wa Kiislamu waliofuatana na Wajerumani, mtaona chai hiyo ikiletwa mezani ndani ya chupa ya chai pamoja na kikombe kikubwa kizito cha udongo. Kikombe kizito hakipotezi joto upesi, na mkono wake huzuia vidole visiungue. Mnywaji hukaa nacho, akazungumza na mwenzake, na chai bado ni ya moto.

Uji una masharti yake. Uji wa mtama, au ule wa unga wa sosoma uliochanganywa soya, mtama na mahindi, hutaka kikombe chenye mdomo mpana. Ukitiwa katika kikombe chembamba kirefu, juu hupoa ukafanya utando, chini unabaki unachoma, na mtoto huunguza ulimi akakataa kunywa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina kikombe kikubwa cha plastiki nene kwa ajili ya uji tu. Mama akikiona kikitiwa chai hukasirika, naye ana haki, maana plastiki hushika harufu. Kikishatiwa chai ya tangawizi na karafuu, uji wa mtoto wa kesho yake utanuka karafuu.

Maziwa yana heshima kuliko vyote. Wengi kati ya ndugu zetu waliotoka Masisi na Rutshuru walikuwa wafugaji. Kwao, kama kwa wenyeji wetu wa Rwanda, chombo cha maziwa cha mti kiitwacho icyansi hakitiwi kitu kingine, na kina kifuniko chake kilichosukwa. Ng'ombe walibaki huko, au hawako tena. Lakini hapa Kigali kuna maduka ya maziwa ambapo mtu hununua maziwa mabichi yaliyochemshwa, yaitwayo inshyushyu, au ya mgando, yaitwayo ikivuguto, akanywa papo hapo katika kikombe kikubwa. Mzee anayepata nafasi ya kufika mjini hupita huko kwanza kabla ya shughuli nyingine. Na kambini, bibi ambaye hana icyansi hutenga kikombe kimoja kwa maziwa peke yake, hata kama maziwa yenyewe huja mara moja kwa wiki. Wajukuu wanajua kwamba hicho hakiguswi kwa chai.

Kahawa hainywewi sana katika nyumba zetu, ingawa milima inayotuzunguka imejaa mibuni. Huko pwani, Mombasa na Unguja, kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na wazee hukaa barazani wakibadilishana habari. Kikombe kile ni kidogo kwa sababu kahawa yenyewe ni kali, na kwa sababu mazungumzo ni marefu kuliko kinywaji.

UKUBWA WA KIKOMBE NI HESABU YA MAMA

Ndugu zetu wa mashirika huenda wakadhani kwamba haya ni mazoea tu. Basi tufanye hesabu pamoja.

Seti ya vyombo vya jikoni ambayo mashirika ya misaada hutumia kwa familia ya watu 5 huwa na vikombe 5 vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja cha sentilita 30. Ni vikombe imara. Havivunjiki njiani, havioti kutu, na vinachemshika. Aliyefika mpakani mikono mitupu anajua thamani yake, nasi tunashukuru.

Lakini mama akipika chai lita 1, vikombe vya sentilita 30 hujaa vitatu tu, na inabaki chai kidogo isiyotosha mtu. Akiwa na vikombe vya sentilita 20, lita ile ile inawatosha watu 5 kamili. Mtu anaweza kusema, asijaze kikombe. Ni kweli, lakini kila mwenye adabu anajua kwamba mgeni aliyeletewa nusu kikombe huondoka na neno. Kwa hiyo mama hununua vikombe vidogo sokoni kwa fedha zake chache. Anayemwona akinunua vikombe ilhali alishapewa hufikiri kwamba anafuja. Ukweli ni kwamba anaokoa sukari, majani ya chai na kuni.

Tena chuma chembamba hupitisha joto upesi sana. Chai bado inachoma midomo, kikombe nacho kinachoma vidole, na baada ya muda mfupi chai imepoa. Vikombe vile vinafaa sana kwa maji na kwa dawa. Kwa chai, wazee wengi huvikataa, au humimina chai katika kisahani ili ipoe.

KIKOMBE NA AFYA

Upendeleo wa vyombo una faida za afya, nasi tungependa vijana wetu wa afya ya jamii wazitumie wanapofundisha.

Kwanza, kupoza kinywaji si ulegevu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda kunasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia zenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Basi mzee anayetumia kisahani asichekwe, na mtoto asiharakishwe kunywa.

Pili, mtoto mchanga asiyeweza kunyonya ni afadhali anyweshwe kwa kikombe kidogo cha wazi kuliko chupa ya chuchu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri hivyo, hasa katika kambi na wakati wa maafa, kwa sababu kikombe husafishika pote, lakini chupa na chuchu hubakiza maziwa katika pembe zisizofikiwa na mkono. Kikombe hicho kiwe cha mtoto peke yake.

Tatu, kikombe cha kunywea kisitumbukizwe ndani ya ndoo ya maji. Wako kati yetu wanaokumbuka Goma ya mwezi Julai 1994, wakati kipindupindu na kuhara damu vilipoua makumi ya maelfu ya watu waliokimbia. Kila nyumba iwe na kata yake ya kuchotea maji, yenye mpini mrefu, nayo itundikwe ukutani isiguse chini. Mgeni akitaka maji, achotewe na kumiminiwa.

Nne, kikombe cha plastiki kilichochubuka ndani ni vigumu kukisafisha, na kile cha bati lenye rangi kikibanduka huanza kutu. Vyote viwili vistaafu. Vinafaa kupandia miche ya vitunguu.

KIKOMBE CHA KUTENGWA

Sasa, ndugu zetu, tumefika mahali ambapo maneno yanakuwa mazito.

Tumesema kwamba babu ana kikombe chake, na bibi ana chake cha maziwa. Hiyo ni heshima. Lakini tunajua pia kwamba ziko nyumba ambazo mtu mmoja ana kikombe chake kwa sababu nyingine. Kimefungwa uzi au kimetiwa alama ya msumari chini. Huoshwa peke yake, na hukaa peke yake dirishani. Mwenyewe hakukichagua. Alikuta kimechaguliwa siku ile aliporudi kutoka kliniki na habari zake zikajulikana.

Tunasema wazi mbele ya wote: virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kijiko. Mtu mwenye virusi hivyo anaweza kunywa chai katika kikombe chochote, nawe ukakiosha kama kawaida na ukanywea. Kifua kikuu nacho huenezwa kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Anahitaji dirisha lililo wazi, kufunika mdomo anapokohoa, na kumeza dawa zake mpaka zimalizike. Kumtengea kikombe hakumkingi mtu yeyote, ila humfundisha mgonjwa kujificha. Na anayejificha huacha kwenda kuchukua dawa. Hapo ndipo nyumba nzima inapokuwa hatarini.

Kwa hiyo tofauti tunayotaka ikumbukwe ni hii: kikombe ambacho mtu amekichagua mwenyewe ni heshima yake. Kikombe alichochaguliwa na wengine ili wasimkaribie ni kifungo, hata kama ni kizuri namna gani. Kaka akimtengea dada yake kikombe, amuulize nafsi yake ni kipi kati ya hivyo viwili anachofanya.

MAOMBI YETU

Kwa ndugu zetu wa mashirika tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mnapogawa vyombo, tuulizeni kabla. Kitabu cha Sphere, toleo la mwaka 2018, kinasema kwamba kila mtu apate chombo cha kunywea. Idadi hiyo ni sawa. Tunaomba aina iongezwe kwenye mazungumzo: pengine nyumba yenye watoto wadogo ingependa vikombe 3 vya chuma na 2 vipana vya uji. Gharama haitazidi sana, na vyombo havitauzwa sokoni siku ya pili.

Pili, pale ambapo fedha zinaweza kutolewa badala ya vitu, familia zipewe nafasi hiyo. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa fedha badala ya chakula katika kambi ya Gihembe mwaka 2014, na wakazi wakajinunulia chakula wenyewe. Kambi ile ilifungwa na wakazi wakahamishiwa Mahama mwaka 2021, lakini funzo limebaki. Anayeweza kujichagulia maharage anaweza kujichagulia kikombe.

Tatu, katika mikutano na sherehe zetu, mtusaidie kupata vikombe vya jamii vinavyooshwa na kutumika tena. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2019 ilipiga marufuku vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja na kutupwa, nasi tunaifurahia kwa sababu mitaro yetu haizibi. Lakini msiba ukitokea, familia hukimbia nyumba hadi nyumba kuazima vikombe. Sanduku moja lenye vikombe 100, likitunzwa na Kamati, lingeondoa adha hiyo kwa miaka mingi.

Na kwa wakazi wenzetu tunaomba jambo moja tu. Jioni ya leo kila mmoja akirudi nyumbani atazame rafu yake. Kama kuna kikombe chenye uzi au alama, kilichowekwa mbali kwa sababu ya hofu, akifungue uzi huo, akioshe pamoja na vingine, na akirudishe mahali pake. Kisha amuulize mwenye kikombe: Unapenda kunywa chai yako katika kipi?

Atakachojibu, apewe hicho.