Doki na Skrini Mbili katika Ofisi ya Chama



Katibu wa chama cha msingi afanyapo hesabu za msimu kwa kompyuta mpakato huwa na orodha mbili za kutazama kwa pamoja: ya mizani na ya malipo. Kwenye skrini moja ndogo hulazimika kufunua hii na kufunika ile, huku akizibeba tarakimu kichwani. Ndipo kilo 186 huandikwa 168, na mkulima akapunjwa kilo 18 pasipo mtu kukusudia. Skrini mbili zikikaa bega kwa bega, orodha zote huonekana na kosa hugunduliwa mapema.

Kifaa cha kuziunganisha ni doki. Hiki ni kisanduku cha mezani ambamo skrini, kibodi, printa na waya wa mtandao hubaki zimechomekwa daima, nayo kompyuta huungana nacho kwa waya mmoja tu. Siku ya mkutano mkuu katibu huchomoa waya huo akaenda zake na kompyuta. Arudipo huuchomeka, na meza ikawa kama alivyoiacha.

Lakini fedha ya kukinunulia ni ya wanachama, na umbo la tundu hudanganya. Tundu la USB-C, ambalo kanuni zake zilitolewa mwaka 2014, lina sura moja kwenye kompyuta zote, bali uwezo wake si mmoja. Mengine hupitisha data na umeme tu, wala hayatoi picha: doki ya kawaida itaichaji kompyuta barabara, na skrini zitabaki nyeusi. Yafaa katibu atazame ubavuni mwa kompyuta. Alama ya radi yenye ncha ya mshale ni ya Thunderbolt. Herufi D na P zilizofungamana ni za DisplayPort. Zote mbili huashiria kwamba picha hupita. Pasipo alama, hapana budi kusoma maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli ile ile hasa.

Hata tundu likifaa, kompyuta yenyewe huweza kuwa na mpaka. MacBook Air ya M1, iliyotolewa mwaka 2020, huendesha skrini moja tu ya nje kwa njia ya kawaida, doki iwe ya bei yoyote. Doki zenye DisplayLink huupita mpaka huo kwa kuigeuza picha kuwa data, ila sharti programu yake iwekwe kwanza, nayo huiongezea kompyuta kazi.

Kwa hiyo, kabla ya hundi kutiwa saini, kompyuta ile ile ya chama ipelekwe dukani na skrini mbili ziwashwe mbele ya katibu. Zikionyesha picha moja, asiikatae doki upesi: kwenye Windows hubonyezwa kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na P, kisha huchaguliwa kupanua badala ya kunakili. Skrini za nukta 1920 kwa 1080 zatosha kabisa kwa hesabu za chama. Za 4K ni gharama isiyo na sababu.

Umeme ukikatika, skrini za nje huzimika papo hapo, lakini kompyuta huendelea kwa betri yake, na kazi iliyokuwa kwenye skrini hizo hurejea kwenye skrini yake yenyewe. Katibu aihifadhi kwanza, ndipo atafute taa.