Buibui na Chupa Isiyo na Lebo

Picha ya buibui iliyozunguka juma hili katika simu za wakazi wa Mpanda, mkoani Katavi, ikifuatana na onyo la mauti, mmekwisha kuiona, wala hatuna haja ya kuisimulia. Linalotushughulisha sisi ni lile lililofuata, nalo ni watu kuitwaa dawa iliyokusudiwa tumbaku na pamba, iliyopimwa katika chupa ya maji isiyo na lebo, wakaipuliza chumbani walalamo watoto.

Buibui yule, kwa jinsi aonekanavyo, ni mjane bandia: tumbo la mviringo lenye kung'aa, rangi ya hudhurungi, na ukanda mweupeupe mbele ya tumbo. Mjane wa kweli, ambaye aina yake ya kahawia ipo katika nchi zetu, hutambulikana kwa alama nyekundu au ya chungwa chini ya tumbo, mfano wa pembetatu mbili zilizogusana ncha, na kifuko cha mayai cha yule wa kahawia kimejaa vijiba vyenye ncha. Bandia hana alama hiyo, na kifuko chake ni laini. Akibanwa ndani ya nguo huuma, lakini maumivu yake aghalabu hayazidi ya nyuki, na wafugaji nyuki wa Inyonga huumwa kila msimu bila kudai mizinga iteketezwe.

Taharuki hii si ya Katavi peke yake, maana hata jijini London, Oktoba 2018, shule 4 za Newham zilifungwa kwa muda ili buibui wa aina hiyo waangamizwe, ilhali hakuna kifo kilichothibitishwa kutokana nao.

Lakini chupa isiyo na lebo! Tuliisema msimu wa tumbaku, tukaisema msimu wa pamba, na leo twaisema tena: buibui hula nzi na mbu, dawa ya shamba humdhuru mtoto, buibui huondolewa kwa ufagio, sumu iliyoingia godoroni haifagiliki.

Basi, enyi wazazi, kung'uteni viatu na nguo kabla ya kuvaa, wala msitie mkono gizani penye kuni. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha maji baridi, na maumivu yakizidi aende zahanati. Nanyi wenye maduka, acheni kupima sumu katika chupa za maji! Asiyeijua dawa asiipulize, na anunuaye, akikosa kuiona lebo, airudishe pale pale, na adai fedha yake!