Parishi Maana Yake Nini?

Somo: 1 Petro 2:11-12



Miaka kadhaa iliyopita, katika parishi niliyoitumikia, watu waligombana juu ya kipande cha ardhi ya kanisa. Kila upande ulisema, "Parishi hii ni yetu." Jumapili moja wengine walikataa hata kukaribia Meza ya Bwana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeegemea upande mmoja, nami nakiri hivyo.

Usiku ule nilifungua vitabu vyangu vya chuo, nikasoma barua ambayo kanisa la Rumi liliwaandikia Wakorintho karibu na mwaka 96. Huitwa Waraka wa Kwanza wa Klementi. Korintho nako kulikuwa na ugomvi: watu wachache walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa wasio na hatia.

Katika salamu za barua hiyo mna neno la Kiyunani, paroikousa. Para ni kando. Oikos ni nyumba. Mtu aweza kulifasiri "likaalo Rumi" tu, kana kwamba ni anwani. Lakini Agano la Kale la Kiyunani hutumia neno hilo kwa Abramu, aliposhuka Misri wakati wa njaa akakaa kama mgeni. Naye Petro, katika somo letu, huwaita Wakristo wapitaji kwa neno la ukoo huo huo. Basi mimi nafasiri hivi: kanisa likaalo ugenini Rumi, kwa kanisa likaalo ugenini Korintho. Kabla ya kuonya, waandikaji wanakiri kwamba wao nao ni wageni.

Tena, ni kutoka neno hilo, kwa njia ya Kilatini na Kiingereza, tulikopata "parishi". Parishi si shamba la kupiganiwa mipaka. Ni kambi ya wasafiri. Mpangaji atamfukuzaje mpangaji mwenzake katika nyumba isiyo yake?

Jumapili iliyofuata niliomba msamaha, mimi kwanza. Ugomvi haukwisha siku ile, lakini wazee wawili, mmoja wa kila upande, walipiga magoti pamoja mezani pa Bwana.

Ndugu msikilizaji, je, yuko uliyemfungia mlango wa nyumba ya Mungu?

Na tuombe. Ee Bwana, mwenye nyumba ni wewe. Utufundishe kukaa pamoja kama wageni wako, hata utufikishe kwetu. Amina.