Nguo Isifuliwe, na Sampuli Isilale

Mazungumzo ya leo ni mazito, kwa hivyo kama watoto wako karibu na redio, watume nje kidogo.

Mtoto akinajisiwa, au mtu mzima akibakwa, wengi wetu hukimbilia kuchemsha maji ya kuoga na kuloweka nguo. Ni huruma, lakini maji hayo huondoa ushahidi. Usimwogeshe. Nguo zitie katika mfuko wa karatasi, maana plastiki hushika unyevu na kuozesha sampuli. Kisha mpeleke hospitalini mara moja, hata kabla ya kufika polisi. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi huanzishwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Daktari atajaza fomu ya PRC na kuchukua sampuli.

Wewe umewahi. Je, sampuli? Hukabidhiwa polisi, nao huipeleka kwa Mkemia wa Serikali. Njiani hapo inaweza kulala kabatini. Sheria yetu ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ina adhabu kali, na inaruhusu mahakama kuagiza mshukiwa atolewe sampuli za DNA, lakini haikutaja maabara imalize kwa siku ngapi.

Shida hii si yetu peke yetu. Mwaka 2009, mjini Detroit, Marekani, pakiti zaidi ya 11,000 za ushahidi wa ubakaji zilikutwa zimerundikwa katika ghala la polisi. Zilipopimwa, ilionekana kuna wabakaji waliokuwa wameendelea kuwaumiza watu wengine. Mwaka 2014 jimbo lao la Michigan likaandika siku katika sheria: polisi wachukue pakiti hospitalini kwa siku 14, waifikishe maabara kwa siku 14 nyingine, nayo maabara ipime kwa siku 90, ikiwa ina wafanyakazi na vifaa vya kutosha. Hapo mwisho, kwa maoni yangu, waliacha mlango wazi.

Mbunge wako akija kwenye baraza, mwulize habari ya siku hizo. Na kama tayari una kesi, usingoje sheria mpya. Chukua nambari ya OB, weka vizuri nakala yako ya fomu ya PRC, kisha mwulize afisa sampuli ilipelekwa tarehe gani na nani aliipokea. Akisema bado, rudi Ijumaa umwulize tena.