Chombo ni Kimoja
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Yubilei ya Miaka 25)



Tumeombwa tueleze kwaya hii imefikaje miaka 25. Nyimbo na safari zetu zimeandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, hatutazirudia. Tutasema jambo moja ambalo halionekani katika picha.

Sisi wa Likoni tuna shule isiyo na ada. Kuvuka kwa miguu ni bure, na masomo ni bure pia. Simama upande wa kisiwani saa kumi na mbili jioni, utazame lango la feri likifunguliwa. Watu waliokuwa wakiulizana habari za watoto, ghafla wanasukumana. Mwenye kikapu cha mboga anamkanyaga mwenye mtoto mgongoni. Na wote wataondoka pamoja, kwa maana feri haimvushi aliyetangulia kuingia ikamwacha aliyemfuata. Tunalijua hilo, na kesho yake tunakimbia tena. Wazee wetu wanaikumbuka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka wakafa watu 272. Wako ambao hadi leo wakifika kivukoni husimama kando kwanza, wakangoja watu wapungue. Vijana huwacheka.

Basi mwaka ule wa kuchangia kinanda, nasi tulisukumana. Kila mwimbaji alitoa shilingi 3,500. Siku ya kwenda kununua, fedha za benki zilikuwa pungufu ya zile za daftari kwa shilingi 14,000. Hakuna aliyeuliza hesabu ilifanywaje. Tuliuliza mhazini amenunua nini. Mmoja akakumbuka kabati jipya nyumbani kwake, mwingine akakumbuka kwamba mwanawe alilipiwa karo mapema. Kabla ya juma kwisha tulikuwa tumemhukumu. Wengine wetu tuliacha hata kumwamkia.

Hakuacha kuja. Alikaa mahali pake, sauti ya pili, karibu na dirisha, na viti viwili vitupu pembeni mwake, akaimba.

Jioni moja tulikutana naye kivukoni, tukiwa wanne. Tukajifanya hatukumwona, tukapita mbio kuelekea langoni, na mmoja wetu akampiga kikumbo. Akatuita: "Wanangu, mwanisukuma hivi mwende wapi? Chombo ni kimoja." Hakusema neno jingine hadi ng'ambo.

Usiku ule ofisi ya katibu, yaani sisi tunaosema hapa, ilifungua daftari upya. Waimbaji wanne walikuwa wametuma michango yao kwa M-Pesa. Tuliiandika mhazini alipotuambia imefika, kisha tukaiandika tena wenyewe walipotuonyesha ujumbe kwenye simu zao. Nne mara 3,500. Mwalimu anayesahihisha hesabu za watoto kila siku alikuwa ameshindwa na zake.

Kosa la kalamu hufutika. Lililotutisha ni jingine: zile siku za kumshuku, tulikuwa tumepatana kuliko wakati wowote. Waimbaji wawili ambao hawakuwa wakisemezana tangu mashindano ya kwaya walikuwa wakitoka mazoezini pamoja, wakimsengenya. Tulikuwa tumepata wa kumlaumu, na ilitupendeza.

Tulimwomba msamaha mbele ya kwaya nzima, sisi tumesimama, yeye ameketi. Siku ile hakusema ametusamehe. Alisema turudi kwenye wimbo, kwa kuwa sauti ya pili ilikuwa imepanda mno. Ilipita miezi mitatu ndipo akaja mazoezini na mahamri ya kututosha sote.

Ndiye mhazini wetu hata leo, na daftari sasa hukaguliwa na watu wawili kila mwezi. Ameturuhusu kuyasimulia haya kwa sharti moja, tuwatangazie kwamba waimbaji wanane hawajamaliza kulipia sare za yubilei. Majina anayo. Baada ya wimbo wa mwisho atakuwa amesimama mlangoni.