Mkopo wa Chuo Huanza na Cheti cha Kuzaliwa

Mzazi unayetusikiliza Tabata, kuanzia Kimanga hadi Segerea: mwanao anayeomba fedha za Bodi ya Mikopo aanze na cheti cha kuzaliwa. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na hapo ndipo wengi huchelewa. Majina yafanane na ya cheti cha kidato cha nne. Herufi moja tu ikitofautiana huleta usumbufu. Fomu hujazwa mtandaoni, huchapishwa, husainiwa kwenye serikali ya mtaa na kwa wakili, kisha hurudishwa kwenye mfumo. Wapo wanaoishia kwenye saini bila kuirudisha, na inauma sana.

Akipata mkopo, asaini kila fedha zinapofika chuoni, na afaulu: akirudia mwaka, mkopo unaweza kusimama. Nawe kijana, usimlipe kishoka akujazie fomu. Jaza mwenyewe, mapema.