Tulisema "Sawa"

Somo letu latoka katika Waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 14, mstari wa 6 hadi wa 12. Lisomeni wenyewe baadaye. Humo Paulo ataja tarumbeta ambayo sauti yake haieleweki, kisha auliza ni askari gani atakayejiweka tayari kwa vita akiisikia. Tena asema kwamba mtu anenaye maneno yasiyofahamika ni kama anayesema na hewa.

Leo twataka kuwafikiria watu ambao kazi yao ni kusema hewani kweli kweli. Hao ni waongozaji wa ndege, wanaokaa katika mnara wa uwanja na kuzungumza na marubani kwa redio. Rubani akiwa ndani ya mawingu haoni kitu. Huambiwa ashuke mpaka kimo fulani, naye hushuka. Roho za mamia ya watu hutegemea neno moja, kwamba limesemwa vizuri na limesikiwa vizuri.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwezi wa Septemba mwaka 1974 ndege kubwa ya Kiingereza, Boeing 747, ilikuwa ikikaribia kutua Nairobi. Iliruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500. Marubani wakasikia futi 5,000. Sasa, uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari! Ndege ile ilikuwa yashuka kwenda mahali palipo chini ya ardhi. Ilibakiza kama futi 70 tu, kimo cha mkaratusi uliokomaa, ndipo ikainuliwa. Hakuna aliyekufa. Mungu ashukuriwe.

Haikupita miaka mitatu, na katika kisiwa cha Tenerife, nchi ya Hispania, mambo hayakuisha hivyo. Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, majuma mawili kabla ya Pasaka. Bomu lilikuwa limelipuka katika duka la maua kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, na uwanja huo ukafungwa. Ndege nyingi zikapelekwa Tenerife, kwenye uwanja wa Los Rodeos. Uwanja huo ulikuwa na njia moja tu ya kurukia. Ndege zikajaa hata zikaziba njia ya kando, ikabidi zilizotaka kuondoka zipite katika njia ile ile ya kurukia. Mnarani walikuwamo waongozaji wawili, nao hawakuwa na rada ya kuwaonyesha ndege zilizo chini uwanjani.

Kisha ukungu ukashuka. Sisi tuliosoma Limuru twaujua ukungu. Mwenzako akikutangulia hatua chache hupotea, ukabaki kumfuata kwa sauti yake. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Waongozaji hawakuziona ndege, wala marubani hawakuonana. Lililobaki ni sauti tu.

Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan Am ya Marekani, zilikuwamo katika njia hiyo moja. Ile ya KLM ilifika mwisho, ikageuka, tayari kuruka. Ile ya Pan Am ilikuwa bado yaja nyuma yake, ikitafuta mahali pa kutokea kando. KLM wakapewa maelezo ya njia watakayoifuata angani. Ruhusa yenyewe ya kuruka hawakupewa. Rubani msaidizi akayarudia maelezo yale, akaongeza maneno ambayo mtu angeweza kuyaelewa kwamba wako tayari kuruka, au kwamba wanaruka sasa hivi. Mwongozaji akajibu, "OK." Baada ya kitambo kidogo akaongeza kwamba wangoje, atawaita. Lakini wakati huo huo Pan Am nao wakasema redioni kwamba wangali njiani. Sauti mbili zikagongana, na katika chumba cha marubani wa KLM ukasikika mlio mkali tu. Neno lililowafikia wazi ni lile "OK."

Mhandisi wa ndege ya KLM aliingiwa na shaka. Akauliza kama ile ya Pan Am haijatoka. Rubani mkuu, mtu wa cheo na sifa, akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu 583 walikufa. Walionusurika walikuwa 61, wote wa ndege ya Pan Am.

Wachunguzi wa Hispania walisema sababu kubwa ni rubani kuondoka bila ruhusa. Hata hivyo, lile "OK" la mwongozaji liliongeza giza juu ya giza, nalo lilitoka kwa mtu mwenye kazi nyingi kuliko macho na masikio yake, akimjibu mtu asiyemwona.

Ndugu wasikilizaji, hatuwezi kumhukumu, kwa sababu na sisi tulisema neno kama lile.

Ilikuwa Jumapili ya mvua za masika. Tulikuwa na ibada tatu katika makanisa matatu, na barabara ilikuwa matope matupu. Baada ya ibada ya pili tulikuwa katika vestri, tukitia sahihi vyeti vya ubatizo, wazee wa kanisa wakihesabu sadaka, na kijana mmoja akituuliza juu ya matangazo ya ndoa yake. Mama mmoja akasimama mlangoni, mwavuli mkononi. Akasema, "Mchungaji, mzee amezidiwa. Anaomba Meza ya Bwana." Tukainua macho, tukamwambia, "Sawa, mama." Akaenda zake.

Sisi maana yetu ilikuwa kwamba tumesikia, na katikati ya juma tutafika. Yeye alielewa kwamba tunakuja jioni ile. Akafagia nyumba, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, akawasha taa. Wakangoja. Mzee yule alifariki alfajiri ya Jumatatu. Tulipofika na kupiga magoti pamoja naye, mama hakutulaumu kwa hasira. Alisema neno moja tu: "Mchungaji, ulisema sawa."

Basi, baada ya Tenerife watu wa ndege walijifunza. Neno la Kiingereza la kuruka likawekewa mpaka, lisitumike redioni ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Agizo lililo zito hurudiwa lote na yule aliyelipokea, naye aliyelitoa husikiliza kama limerudiwa sawasawa. Tena wadogo hufundishwa kusema wanapoona hatari, na wakubwa hufundishwa kuwasikiliza.

Haya ni maarifa ya wanadamu, lakini Biblia iliyajua zamani. Katika Kutoka mlango wa 18, Yethro alimwona Musa akiwaamua watu peke yake toka asubuhi hata jioni, akamwambia waziwazi kwamba atachoka yeye na kuwachosha watu pia. Musa hakukasirika. Akagawa kazi. Na Naamani, katika Wafalme wa pili mlango wa 5, alipoondoka kwa ghadhabu, aliponywa kwa kuwa watumishi wake walithubutu kumwuliza swali, naye akakubali kuulizwa.

Wengi wetu twajisifu kwa kazi nyingi. Twasema, "Sina nafasi hata ya kupumua," kana kwamba ni utakatifu. Lakini mtu aliyelemewa husikia nusu na kujibu nusu, na ile nusu iliyokosekana humwangukia mwingine. Baba, mtoto akikuambia neno nawe unasoma gazeti, ukamjibu, "Sawa," je, umesikia nini? Muuguzi, unapomwachia mwenzako zamu usiku, je, amesikia kipimo cha dawa kama ulivyokisema? Mzee wa kanisa, kijana akikuuliza swali la mashaka, je, wamjibu kwa cheo chako au wageuka kutazama njia?

Siku hizi mtu akituletea neno zito, twaweka kalamu chini. Twamwambia, "Ngoja nikurudishie ulivyosema." Kisha twataja siku na saa. Huchukua dakika moja. Mama yule angali hai, nasi humpelekea Meza ya Bwana nyumbani kwake. Kila tunapoagana hutuuliza, "Mchungaji, siku gani?" Nasi humtajia siku.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe usikiaye hata kuugua kwetu kusiko na maneno, utusamehe kwa ajili ya wale waliotungoja bure. Uwalinde wote wakeshao usiku huu katika minara, katika wodi na barabarani. Tulegeze mikono tunaposhika mengi mno, na utupe masikio ya kusikia neno lote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.